Mazoezi Mepesi ya Bega kwa Watu wa Jembe, Kinu na Korosho

  Nimeombwa nizungumze juu ya bega, na najua wapo waliokuja huku wakijiuliza: mtu aliyeshika jembe tangu utotoni, aliyepanda mlima na maji kichwani, aliyebeba magunia ya korosho msimu baada ya msimu, atafundishwa nini tena kuhusu mabega? Swali hilo ni la haki, na ndilo nitakalolijibu. Kwa ufupi, kazi zetu zinayatumia mabega sana lakini haziyafundishi. Zinarudia mielekeo ileile miwili, kusukuma mbele na kuvuta chini, kwa uzito usiochaguliwa na mbebaji. Mwelekeo wa tatu, ule wa kuzungusha mkono nje na kurudisha bega nyuma, karibu haumo kabisa katika siku ya mkulima. Na huo haudai chuma wala tofali. Unadai kipande cha mpira na dakika chache.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana mzigo wa maji umetoka hapo. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaomeza mvua yote. Maji yanazama, kisha yanatokeza huko chini, mwisho wa mteremko. Masimulizi ya asili ya Wamakonde yanasema mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, na sanamu ile ikawa mwanamke. Mtoto wao aliyezaliwa kando ya mto alikufa, wa pili naye akafa, wa tatu aliyezaliwa juu kabisa uwandani akaishi. Tangu hapo ikawa mwiko kujenga bondeni, kwenye maradhi. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliyaweka masimulizi hayo katika kitabu chake. Mwiko ule ulikuwa na busara kubwa, maana bondeni ndiko kwenye mbu na homa. Lakini gharama yake ililipwa na wanawake. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu, kule Newala, akatazama chini kuelekea mto Ruvuma anaelewa maana ya kuteremka na chombo kitupu na kupanda nacho kimejaa.

Miaka ya 1950 ukaja mradi wa maji wa Makonde, maji yakasukumwa kwa mashine kutoka chini hadi juu. Kuanzia miaka ya 1970 Wafini wakaja na visima na pampu za mkono katika Mtwara na Lindi. Safari ya maji ikapungua kwa wengi, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila mzigo wenyewe haukubadilika. Ndoo ni ileile ya lita 20, kwa hiyo ni kilo 20 za maji, ukiacha ndoo yenyewe.

Mwangalieni mama anavyoipandisha ndoo hiyo akiwa peke yake. Anainama, anashika mshikio kwa mkono mmoja na kitako cha ndoo kwa mwingine, anaileta juu ya goti, anaipumzisha hapo kidogo. Kisha kwa mkupuo mmoja anaipitisha mbele ya uso hadi juu ya kata. Ikishatulia kichwani, bega limepumzika, kwa sababu shingo na uti wa mgongo vimeuchukua uzito. Anaweza kutembea mwendo mrefu bila bega kulalamika. Kinacholiumiza ni zile sekunde mbili za kupandisha, na mbili nyingine za kushusha, wakati kilo 20 ziko mbele ya mwili, mikono imeinuka na maji yanacheza ndani. Akina mama wanaokuja na bega linalouma, ukiwauliza lilianza lini, wengi wao watakutajia kupandisha na kushusha. Ni nadra kusikia lilianza njiani.

Tazameni na kazi nyingine. Jembe linainuliwa na kuteremshwa mbele ya kifua, mabega yakiwa yamejikunja. Mpuliza salfa anatembea na mashine mgongoni, mkono mmoja umeshika bomba na kulielekeza juu kwenye matawi ya mkorosho, mashine inatetemeka, na mkono hauteremki hadi mti umalizike, kisha mti mwingine. Kwenye maghala ya vyama vya msingi gunia la korosho lina karibu kilo 80. Shirika la Kazi Duniani, tangu mwaka 1967, lilipendekeza mzigo wa kubebwa na mwanaume mtu mzima usizidi kilo 55. Vijana wetu wa ghalani wanaupita uzito huo kila wanapoinua gunia, na wanaitwa hodari. Ni hodari kweli, lakini uhodari huo unatumika kwa mkopo.

Kinu nakitenga makusudi, kwa sababu kina somo. Mama anayejua kutwanga hasukumi mchi. Anauinua kwa miguu na mgongo, mikono ikiuongoza, kisha anauacha ushuke kwa uzito wake mwenyewe. Wakitwanga wawili au watatu kwa zamu, utawaona wakiuachia mchi juu na kupiga makofi kabla ya kuudaka tena. Sekunde ile ya makofi misuli imelegea. Ndiyo maana bibi mwenye miaka 60 anaweza kutwanga muhogo akammaliza pumzi kijana anayetumia nguvu za mabega peke yake. Mchonga mpingo naye ni hivyohivyo. Mti ule ni mzito hata hauelei majini, lakini tezo analolitumia ni jepesi, na kazi inakwenda kwa mapigo mengi madogo. Mabega ya watu hawa wawili yamefundishwa na wepesi uliorudiwa, na wala si mimi niliyewagundulia siri hiyo.

Sasa tuingie ndani ya bega. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni mviringo mkubwa, na mahali kinapokaa kwenye kombe la mkono ni padogo na pasipo na kina, kama chungwa juu ya kisahani. Nyonga imezama katika shimo lake, bega halikuzama. Kwa sababu hiyo mkono unaweza kwenda karibu kila upande, na kwa sababu hiyohiyo unaweza kuchomoka. Kinachokizuia kichwa kile kisiteleze ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe na kukizunguka kwa kano zake. Mmoja unapita juu katika mwanya mwembamba, mmoja uko mbele, miwili iko nyuma. Juu yake kuna misuli mikubwa tunayoiona: ule unaofunika bega, ya kifua, na ile mipana ya mgongoni. Mikubwa inasogeza mkono, midogo inakishikilia kichwa cha mfupa mahali pake mkono unaposogea. Na kombe lenyewe linatembea pia. Ukiinua mkono kutoka pajani hadi juu kabisa, theluthi mbili za mwendo huo zinafanyika kwenye kiungo, na theluthi moja inafanywa na kombe kuteleza juu ya mbavu. Kombe likikaza, kiungo kinadaiwa kazi isiyo yake.

Hapa ndipo uzito mkubwa unapotuangusha. Ukiweka mzigo mzito mkononi, mwili unataka kazi iishe tu, haujali nani ameifanya. Unaita misuli mikubwa, na midogo ya nyuma inaburutwa. Ukiweka mzigo mdogo na kwenda polepole, midogo inafanya kazi yake bila kufunikwa. Vijana wangu wa Newala mjini na Masasi mnaopiga chuma kwenye jimu za mtaani, zile za mikebe iliyojazwa saruji, nawapongeza kwa moyo wote kwa kuupenda mwili wenye nguvu. Lakini nikiwaangalia, kifua kinapigwa leo, kifua kinapigwa keshokutwa, na pushapu juu yake. Mabega yanavutwa mbele, viganja vinatazama nyuma mtu anaposimama. Mtu wa namna hiyo akipewa bomba la salfa au gunia, misuli ya nyuma ya bega haina la kujibu.

Sisemi chuma kizito ni kibaya. Anayetaka kuinua kizito lazima ajizoeze kizito, na utafiti unaonyesha hivyo. Ila utafiti huohuo umevunja imani kwamba msuli haukui bila uzito mkubwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua wanaume 49 waliokuwa na mazoea ya jimu, wakawagawa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi moja liliinua uzito mkubwa mara 8 hadi 12 kila mkupuo, jingine uzito mdogo mara 20 hadi 25, na wote waliendelea hadi misuli ikagoma. Misuli ilikua kwa kiwango kilekile katika makundi yote mawili. Kilichohesabika ni kuuchosha msuli. Kwa mtu asiye na jimu wala fedha ya jimu, hiyo ni habari njema sana.

Kuna nyingine iliyo karibu zaidi na mada yetu. Denmark, mwaka 2011, watu 198 wa maofisini wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuinua mikono pembeni kwa mpira unaovutika kwa dakika 2 kwa siku, la pili dakika 12, la tatu halikufanya mazoezi hayo. Siku tano kwa wiki, wiki kumi. Makundi yote mawili ya mazoezi yalipata nafuu ya maumivu na kuongezeka nguvu. Dakika mbili! Nakiri wale walikuwa watu wa kompyuta, si wa jembe, na bega la mkulima limechoka kwa namna nyingine. Lakini hakuna aliyeko hapa atakayeniambia hana dakika mbili.

Kazi na zoezi hutofautiana mahali pamoja muhimu. Zoezi linapimwa kwa mtu: likimzidi linapunguzwa, likimtosha linaongezwa, akichoka anapumzika siku ya pili ili kano ijijenge. Kazi haimpimi mtu. Mvua ikinyesha shamba halisubiri bega lipone. Kwa hiyo mtu anapoumwa anafanya moja kati ya mawili, na yote mawili yana hasara. Ama anameza dawa ya maumivu na kuendelea, ama anaufunga mkono na kuacha kabisa kuutumia. Kuchua kwa mafuta kunaliwaza, na sitawaambia wazee waache. Lakini kano iliyodhoofika haipati nguvu kwa kuchuliwa.

Kwa muda mrefu hata madaktari wakubwa waliamini kwamba bega la mtu mzima linauma kwa sababu mfupa wa juu unaisugua kano, na kwamba ukikwanguliwa kwa upasuaji maumivu yataisha. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili, moja ya Uingereza na nyingine ya Ufini, nchi ileile iliyotuchimbia visima. Wagonjwa wengine walikwanguliwa mfupa kweli, wengine waliingizwa chombo cha kuchungulia tu bila kukwanguliwa, wenyewe wasijue wako kundi gani. Tofauti yao baadaye haikuwa na maana kwa mgonjwa. Na mwaka 2021, Uingereza tena, watu 708 wenye maumivu ya kano za bega waligawanywa: wengine walipata vipindi kadhaa vya mazoezi na mtaalamu, wengine kipindi kimoja tu cha maelekezo mazuri wakaenda kujifanyia nyumbani. Vile vipindi vingi havikuonyesha kuwa bora kuliko kile kimoja. Mimi naisoma habari hiyo nikifikiria wilaya zetu, ambako mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni mmoja kwa watu wengi na nauli ya kumfuata ni fedha ya chumvi na sabuni. Mtu akielekezwa vizuri mara moja, akaelewa, akaenda kufanya, hajapunjwa.

Basi niwaelekeze.

Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, ile tunayokata kufungia mizigo. Iliyopasukapasuka usiichukue, ikikatika itakupiga usoni. Ikate kwa urefu upate ukanda wa kama mita moja na nusu. Mwenye bega linalouma aanze na upana wa kidole kimoja, maana ukanda mpana ni mgumu kuliko unavyodhania. Ufunge kwenye nguzo ya nyumba, kimo cha kiwiko chako. Simama ubavu, nguzo ikiwa upande wa pili, mkono wa kufanya kazi ukiwa mbali nayo. Kunja kiwiko pembe mraba. Sasa chukua kanga, ikunje mpaka iwe nene kiasi cha ngumi, uibane kati ya kiwiko na ubavu. Kiganja kianze mbele ya kitovu, kidole gumba juu. Zungusha mkono nje polepole, kiwiko kikibaki palepale juu ya kanga, mpaka mkono uelekee mbele na kupita kidogo. Tulia. Rudi kwa hesabu ya tatu, usiuache mpira ukurudishe wenyewe. Kanga ikianguka, ujue umeinua mkono wote badala ya kuuzungusha, na zoezi limehamia kwenye misuli mikubwa. Punguza mvuto, anza upya.

Fanya mara 15, pumzika, rudia mara mbili. Ukiona ungeweza kuendelea hadi 30 bila shida, sogea hatua moja mbali na nguzo. Ukishindwa kufika 8, sogea karibu. Kitakachoungua ni nyuma ya bega, mahali ambapo wengi hawajawahi kupasikia pakifanya kazi. Siku tatu kwa wiki zinatosha.

La pili ni kuvuta. Ukanda uleule, ushike ncha zote mbili ukitazama nguzo, vuta viwiko nyuma huku makombe ya mikono yakikaribiana mgongoni, mabega yasipande masikioni. La tatu ni chupa ya maji ya nusu lita, yaani nusu kilo. Inua mkono ulionyooka, usiwe mbele kabisa wala pembeni kabisa, katikati ya hapo, gumba juu, hadi kimo cha bega tu. Nusu kilo inachekesha mara ya kwanza. Ngojeni mara ya 15. La nne ni pushapu ya ukutani, na mwisho wa kila moja sukuma ukuta kidogo zaidi mpaka mgongo wa juu ujisikie umetanuka. Hilo linaamsha msuli unaolishika kombe ubavuni, ule unaohitajika kila mama anapopandisha ndoo.

Maumivu madogo wakati wa zoezi hayana ubaya, mradi yawe yametulia kufikia kesho yake. Yakikulaza macho usiku, umezidisha. Na msitegemee muujiza wa wiki moja. Msuli unaitika mapema, kano inakwenda taratibu, hesabuni miezi mitatu. Anayetaka bega liwe tayari kwa korosho za mwezi wa kumi aanze mwezi wa saba.

Lipo bega jingine ambalo nguvu si tatizo lake. Ni lile linaloganda. Linaanza kwa maumivu, kisha mkono unakataa kwenda: mama hawezi kufikia mgongoni kufunga nguo, baba hawezi kujisugua upande wa pili. Hata mtu mwingine akiuinua mkono, haupandi. Linawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wasio nacho. Huchukua mwaka, pengine miaka miwili au mitatu, kuachia. Nimesikia likiitwa kurogwa, likiitwa upepo mbaya. Nawaombeni sana: bega likiganda bila sababu, kapimeni sukari. Huenda ndiyo dalili ya kwanza. Kwa bega hilo mpira usubiri. Inama, shika meza kwa mkono mzima, uache mgonjwa uning'inie, uuzungushe kwa kuyumbisha mwili. Daktari Ernest Codman wa Boston, aliyeandika kitabu kizima juu ya bega mwaka 1934, ndiye ambaye zoezi hilo linaitwa kwa jina lake.

Wapo ambao hawapaswi kuanzia nyumbani. Aliyeanguka mwembeni na tangu hapo mkono hauinuki, mwenye bega lililovimba na kuwaka moto pamoja na homa, na yule ambaye bega la kushoto linamuuma pamoja na kifua kubana na jasho la ghafla. Hao waende hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au ya wilaya bila kungoja kesho.

Kwa viongozi mliopo nina ombi moja. Kwenye kila kioski cha maji na kila kisima, jengeni kijukwaa cha tofali na saruji kinachofika kimo cha kiuno, pembeni ya bomba. Ndoo ikijazwa juu yake, mama anaipandisha kichwani kutoka kiunoni badala ya kuitoa chini. Mafundi tunao, na saruji inayotosha kazi hiyo haizidi ile tunayojazia mikebe ya jimu.

Vipande vya tyubu viko mezani pale mlangoni, vyembamba upande wa kulia, vipana kushoto. Kila mmoja achukue kimoja, na kina mama naomba mje na kanga zenu. Wenye mabega yanayouma wabaki safu ya mbele, nitaanza nao kwa zoezi la kuning'iniza mkono. Waliobaki watoke barazani, nguzo zipo za kutosha, watu wawili kwa kila nguzo: mmoja anafanya, mwenzake anaiangalia kanga isianguke.